Sikio la Kazi

Chumbani kwangu, tarehe 3 Juni

Kwa Shangazi,

Salamu zangu nazifupisha: mimi mzima, kazi ipo, mvua imeniharibia viatu. Najua na wewe utanijibu kwamba u mzima hata kama umeangukiwa na kabati, kwa hiyo sikuulizi hali. Nitauliza mengine.

Tangu ulipostaafu umegoma kushika simu. Unasema ulivyokaa kwenye ubao wa simu ukiwaunganisha watu wa mji mzima imetosha, na anayekutaka sasa ashike kalamu. Haya, nimeshika.

Jambo la kwanza limo humo ndani ya bahasha. Hizo ni spika zangu za masikioni, zile za waya. Unajua kazi yangu ni kusikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno, sasa bila hizo mimi ni wa kupasha kiti moto tu. Upande wa kulia umekufa. Wa kushoto unasikika vizuri. Nikiukunja waya karibu na pini ya kuchomeka, kulia kunafufuka kidogo, halafu kunakata tena. Ofisini wananiambia nitupe ninunue nyingine. Nikawaambia ngojeni, mimi nina shangazi. Kwa sasa naazima za jirani yangu wa meza, mtu mwenye masikio ambayo sitaki kuyaeleza kwenye karatasi.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike leo. Baba anataka kukuhamisha. Anasema atakuja na gari la mizigo, akuchukue wewe na vyombo vyako, mkakae wote kwake. Anasema sufuria iliungua jikoni kwako mpaka majirani wakaja kwa moshi, na wewe umekaa chumba cha pili na nyaya zako, huna habari. Halafu anasema alikuja akabisha hodi mpaka vidole vikamuuma, akazunguka dirishani, akakuona umekaa kwenye meza yako ya ufundi umempa mgongo. Hukugeuka. Kwa maoni yake, akili yako imeanza kuchoka na huwezi tena kukaa peke yako.

Unamjua Baba. Tangu Mama afariki, mambo anayaamua peke yake kisha anatutangazia. Ila safari hii ameniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekutembelea mwisho, na ameahidi kwamba nitakachosema atakizingatia. Nakuambia wazi usije ukalisikia kwa mtu. Mimi nataka ubaki kwako kama mwenyewe unavyotaka. Lakini nahitaji kitu cha kumwonyesha. Zitengeneze hizi spika, Shangazi. Nitaziweka mezani mbele yake nimwambie, haya, mtu aliyechoka akili anaweza hivi?

Na unieleze, maana nakufa kwa hamu ya kujua: ndani ya waya mwembamba hivyo kuna nini?

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, tarehe 9 Juni

Mdadisi wangu,

Kabati limesimama na mimi nimesimama.

Mwambie baba yako kwamba nilimbeba mgongoni, na kamasi zake nilizifuta mimi. Mtu niliyemfuta kamasi hanipangii pa kulala. Kuhusu sufuria, niletee mwanamke ambaye hajawahi kuunguza sufuria nimpe mkono. Tofauti ni kwamba wenzangu hawana mdogo wao wa kiume wa kuwaitisha kikao kwa ajili ya maharage. Kuhusu mlango, hakubisha. Au alibisha kama kawaida yake, kwa ncha za vidole, kana kwamba mlango umelala na yeye hataki kuuamsha. Na kama kweli alisimama dirishani akaniona, mbona hakuniita? Hana mdomo?

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Unauliza ndani ya waya kuna nini. Kuna nywele. Nimeupasua ule mpira wa pini kwa wembe, taratibu, nikakuta nywele za shaba za rangi tatu. Nyekundu zinakwenda kulia, kijani zinakwenda kushoto, na zile zenye rangi yao ya shaba ni njia ya kurudia, zinatumiwa na pande zote mbili. Katikati yake wamesokota uzi wa kawaida kabisa, kama wa cherehani, ili mtu mwenye haraka kama wewe akivuta, uzi ndio uvumilie na si shaba. Nilivyouona huo uzi nilicheka peke yangu. Mtu alikaa mahali akakufikiria wewe na haraka zako kabla hujanunua.

Na hizo rangi usidhani ni urembo. Ni vanishi. Nywele zimelala pamoja zimekumbatiana humo ndani, na kinachozuia zisichanganye maneno ni hiyo vanishi tu. Kasoro yake ni kwamba risasi ya kulehemu haiishiki hata uibembeleze vipi. Siku ya kwanza sikujua, nikalehemu nikijisifu, risasi ikajikunja ikawa kidonge ikaanguka mezani. Nikakaa nikaitazama. Ndipo nikajaribu moto: unawasha kiberiti, unapitisha ncha ya waya mara moja tu, vanishi inaungua, unafuta masizi kwa kitambaa, shaba inatoka inang'aa. Baada ya hapo risasi inashika kama kawaida.

Kosa lilikuwa pale ulipodhani: nyekundu zimekatika shingoni mwa pini. Nimezikata zote, nimefunga pini nyingine niliyoitoa kwenye spika mbovu za jirani, nimelehemu rangi zote tatu kila moja mahali pake. Kazi safi, hata mimi nimeipenda.

Na bado hazisemi. Sisi watu wa ubao hatukuwa na mita ya kupimia umeme. Laini ilipimwa kwa sikio. Ulichomeka, ukasikiliza, ukajua mkato uko wapi. Ndivyo nilivyofanya. Nimegusisha pini kwenye betri ya tochi, maana spika nzima ikigusishwa betri lazima ikwaruze. Ya kulia, kimya. Ya kushoto, kimya vilevile. Yaani na hiyo uliyoniambia nzima imenifikia maiti. Huko njiani wameikalia bahasha yako au vipi?

Usiandike kwa baba yako bado. Nipe muda. Huu waya haunijui.

Shangazi yako


Chumbani, tarehe 13 Juni

Kwa Shangazi,

Barua yako nimeisomea ofisini nikacheka hadi msimamizi akatoka chumbani kwake. Nimemweleza habari ya uzi wa cherehani. Ameziangalia spika zake kwa heshima siku nzima.

Lakini mbona ajabu! Ya kushoto ilikuwa nzima kabisa. Asubuhi ileile niliyoziweka kwenye bahasha niliisikiliza. Nimefikiria hivi: labda nywele za kurudia ndizo hazijashika, kwa kuwa zinatumiwa na pande zote, zikikosea wote wawili wanakufa. Au labda betri ya tochi imeisha. Jaribu kuchomeka kwenye redio yako. Kama tundu la redio lina vumbi, lisafishe kwa kijiti chenye pamba. Mimi si fundi, nabuni tu, lakini nashindwa kulala mahali penye fumbo.

Baba amepiga simu. Nimemwambia asubiri. Nikamuuliza, kwani ulimwita Shangazi pale dirishani au ulisimama tu? Akasema alikuita, na si mara moja, na alikuita kwa jina lako la utotoni. Jina gani hilo? Akakataa kuniambia. Akaaga haraka haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Shangazi, mimi sikubishii. Lakini Baba si mtu wa kutia chumvi. Kwa upande wake alibisha na akaita, na kwa upande wako hakuna kilichotokea. Mmoja wenu hadanganyi na mwingine pia hadanganyi, na hilo nalo linanitatiza kuliko spika.

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, tarehe 18 Juni

Mdadisi,

Jina la utotoni halikuhusu. Na huyo baba yako kama aliniita kwa jina hilo, basi alilisema kwa kunong'ona, maana ni jina ambalo hata nikiwa nimelala ningeamka. Siku hizi kila mtu ananong'ona. Hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye simu, kama hujui. Unapokea, mtu anakuzungumzia kama amefunikwa blanketi. Nikimwambia ongeza sauti, anakasirika.

Nimefanya yote uliyosema na mengine yangu. Betri nimebadilisha. Nywele za kurudia nimezilehemu upya. Tundu la redio nimelisafisha likawa jipya. Redio yenyewe inaimba vizuri, naisikia mpaka uani, lakini nikichomeka pini na kuweka spika sikioni, basi, kumefungwa. Nimejaribu ya kulia, nimejaribu ya kushoto, nimezirudia mpaka sikio likaanza kuwasha.

Kuna kitu kimoja ambacho sikielewi, nakuandikia kama kilivyo. Si kimya kabisa. Nikitulia sana, nikazuia pumzi, nasikia kasauti kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Na kasauti hako kanakuja sawasawa kwa spika zote mbili. Hilo ndilo lililonifanya nizifungue zenyewe.

Laiti ungekuwepo uone! Ndani ya kispika kidogo hicho kuna sumaku ndogo kama kidonge cha dawa, juu yake kumewambwa ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na chini ya ngozi kuna waya uliozungushwa mzunguko juu ya mzunguko, mwembamba hata kuuona ni kazi. Umeme ukipita, waya unaisukuma ngozi, ngozi inausukuma upepo, na huo upepo ndio maneno. Ndicho kitu kilekile tulichokuwa tukivaa kichwani kule kazini, ila chetu kilikuwa kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Nimekaa nacho mkononi nikasahau hata kula. Ngozi haijapasuka. Waya haujakatika. Hakuna ninachokiona kibovu, na bado hakisemi.

Kwa hiyo nimeamua kwamba sumaku zimechoka. Sijawahi kusikia sumaku ikichoka pande zote mbili siku moja, lakini sina jingine la kusema. Nimenyoosha mikono. Nakurudishia spika zako, nimezifunga vizuri. Nunua nyingine.

Na baba yako mwandikie unachokiona ni kweli. Sitaki unitetee kwa kitu ambacho hakikufanyika. Nimeanza kufunga vyombo vyangu vya ufundi kwenye boksi mwenyewe, kwa sababu akija na wapakizi wake watanitupia chuma cha kulehemu pamoja na vijiko. Inaniuma, sikufichi. Humu ndani najua kila kitu kilipo. Kwake nitakuwa mgeni hata wa kuomba chumvi.

Shangazi yako


Chumbani, tarehe 21 Juni

Shangazi,

Keti kwanza. Umeketi?

Zinaimba. Zote mbili. Nimefungua kifurushi chako nikachomeka kwa kujaribu tu, nikaruka kwenye kiti. Kulia safi, kushoto safi, hata nikikunja waya hazikati. Zinasema vizuri kuliko siku nilipozinunua. Nimezipeleka kwa jirani yangu wa meza, nimezipeleka kwa msimamizi, wote wamesikia. Kazi ile uliimaliza tangu ulipochoma vanishi. Haikuwa na kasoro tena.

Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha furaha ikanikwama. Kama spika ni nzima na redio ni nzima, kilichobaki ni nini?

Nimeirudia barua yako, pale uliposema unasikia mtu wa chumba cha pili. Nikafanya hivi. Nikaziba sikio langu la kushoto kwa pamba, nikaikandamiza vizuri, kisha nikaweka spika juu ya ile pamba, na redio nimeifungulia sauti. Sikio la kushoto halikupata kitu. Lakini sikio la kulia, lililokuwa wazi, likasikia kasauti kwa mbali, kalikokuwa kanavuja kutoka upande wa pili wa kichwa. Mtu wa chumba cha pili na mlango umefungwa. Ndivyo hasa ulivyoandika.

Swali langu naliogopa, lakini siwezi kulimeza. Ulipokuwa ukipima, uliweka spika sikio gani? Kwenye picha yako ya kazini, ile iliyoko ukutani, kifaa cha kichwani kimeziba sikio la kushoto. Je, zote mbili, ya kulia na ya kushoto, ulizipima kwa sikio hilohilo moja?

Nakurudishia. Chomeka kwenye redio, weka sikio la kulia. Usifanye kingine chochote. Mara moja tu.

Baba sijamwambia neno. Hili ni lako, ukitaka liishe baina yetu, litaishia hapa.

Mwanao anayekupenda,
Mdadisi


Tarehe 23 Juni

Kwa Binti yangu,

Natumaini kazi inaendelea. Nilikuomba maoni kuhusu shangazi yako na hadi leo hujanipa. Gari la mizigo limepatikana, dereva atakuwa huru Jumamosi ya wiki ijayo. Kimya chako nakichukulia kwamba umekubali. Nimeshapaka rangi chumba cha uani, na kitanda nimekitoa upande wa jua.

Kama una neno, liseme sasa.

Baba


Nyumbani, tarehe 27 Juni

Mdadisi,

Nilikasirika. Nianze na hilo. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya redio na kuapa sitakujibu. Kwamba mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu anaweka mkono kwenye sikio langu! Tena sikio la kushoto, sikio langu la kazi. Mkono wa kulia ulikuwa wa kuchomeka na kuandika, sikio la kushoto la kusikiliza, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa sikio hilo nimewatambua watu wa mji huu kwa kukohoa kwao tu. La kulia halijawahi kupewa kazi yoyote. Lilikuwa la hereni. Ningewezaje kufikiria kwamba fundi ni mgonjwa na mvivu ndiye mzima?

Nikavumilia mpaka siku ya pili. Kisha udadisi ukanishinda, maana na wewe umeurithi mahali. Nikachomeka. Nikaweka kulia.

Mwanangu, nilisikia mtangazaji akimeza mate.

Nikaitoa, nikaiweka kushoto: chumba cha pili, mlango umefungwa. Kulia: mtu yuko hapa, pembeni yangu. Nikafanya hivyo mara nyingi kama mwehu. Halafu nikaanza kujipima kama laini mbovu, kipande kwa kipande. Saa ya ukutani, nikiigeuzia kulia inagonga, nikiigeuzia kushoto imesimama. Bomba la jikoni, kulia linatiririka, kushoto limefungwa. Nikawasha kiberiti karibu kabisa na sikio la kushoto nikauona moto bila kusikia chochote. Nilikuwa natafuta mkato kwenye shaba, kumbe mkato uko kichwani mwangu mwenyewe. Na ningeujua siku ya kwanza kama ningebadilisha upande tu, jambo ambalo ningemkaripia mwanafunzi yeyote kwa kutolifanya.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Akaniuliza kazi niliyofanya, nikamwambia, akatikisa kichwa kabla hajapima. Mishipa ya sikio la kushoto imekufa polepole, amesema, na hairudi. La kulia ni zima, na kwa umri wangu ni zuri sana. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia mbele za watu. Sikulilia usikivu. Nililia kwa sababu lilikwenda bila kuniaga, na mimi nikawa nawalaumu watu kwamba wananong'ona.

Sasa nimeielewa sufuria. Meza ilivyokuwa imekaa, jikoni kulikuwa kushoto kwangu, na moshi niliudhani wa chuma changu cha kulehemu. Mlango pia ulikuwa kushoto. Na nikiwa mezani nimewasha redio, nilikuwa naiweka kulia, karibu kabisa na lile sikio lililo zima. Baba yako alibisha, mwanangu. Aliita. Nadhani hata alipaza sauti.

Umesema liishe baina yetu. Nimelifikiria. Nikimwambia, anaweza kusema ndiyo kwanza sababu imepatikana: kiziwi nusu hakai peke yake. Naweza kuipoteza nyumba kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini mdogo wangu anazunguka na habari kwamba nilimpa mgongo, na hiyo siwezi kuiacha ikae. Namwandikia leo. Wewe usiseme chochote, wala usinitetee.

Spika zako hizi hapa. Zimepona.

Shangazi yako


Nyumbani, tarehe 27 Juni

Kwa mdogo wangu,

Nimepata habari kuwa unakuja na gari. Kabla hujaja, soma hii.

Ulipobisha hodi, sikukusikia. Ulipokuja dirishani, sikukusikia. Sikio langu la kushoto limekufa, daktari amethibitisha, na mimi mwenyewe sikujua mpaka juzi. Usiniulize mtu anakosaje kujua. Nimejiuliza vya kutosha. Akili yangu ni nzima, unaweza kuniuliza majina ya walimu wetu wote na nani alikuchapa kwa kosa gani.

Nimefunga kitufe nje ya mlango. Ukikibonyeza, balbu juu ya meza yangu inawaka, na nyingine jikoni. Meza nimeigeuza, sasa naangalia mlango na jiko liko kulia kwangu. Sufuria ikichemka naisikia. Nimekaa hivi tangu juzi na hakuna kilichoungua.

Nataka kubaki hapa. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kukuomba wewe kitu. Lakini ukiona haifai, njoo na gari lako, sitakufungia mlango. Sitaki tu uje ukiwa unaamini kwamba dada yako alikusikia akakaa kimya. Nisingeweza kukufanyia hivyo.

Niambie jambo moja. Mdadisi anasema uliniita kwa jina lile. Hujaliita tangu tulipomzika mama yetu. Ulikuwa unataka nini?

Dada yako


Tarehe 30 Juni

Kwa Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Dereva nimemwambia asije.

Umeuliza nilikuwa nataka nini. Naona ni rahisi kuandika kuliko kusema, kwa hiyo acha niandike kabla sijabadilisha mawazo.

Nilibisha sana. Nikazunguka dirishani, nikakuona, nikakuita. Hukugeuka. Nikadhani umechoka na mimi, na kwa jinsi nilivyokuwa siku ile ningekuelewa. Ningeondoka. Badala yake nikaanza kuongea na mgongo wako, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba yale maneno kutoka nyumbani na sikuwa na pa kuyarudisha. Nilikwambia kwamba nyumba imenishinda. Kwamba tangu mama watoto aondoke nawasha redio asubuhi siizimi, si kwa kusikiliza, ni ili kuwe na mtu anaongea. Kwamba napika kingi halafu namwaga. Nilikuomba uje ukae na mimi. Nilikuomba kwa jina lile kwa sababu ndilo nililokuwa nakuitia nikianguka, na wewe ulikuwa unakuja mbio.

Uliendelea na kazi yako. Uliinama, ukachukua waya mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sikumwambia mtu. Watoto waliponiuliza habari zako nikasema akili yako imeanza kuchoka. Niliona afadhali hivyo kuliko kusema nimemwomba dada yangu akaninyamazia. Na nikilisema mara nyingi nikaliamini, nikatafuta gari.

Asiyeweza kukaa peke yake si wewe, Dada.

Bakia nyumbani kwako. Nitakuja Jumamosi na begi moja la nguo, kama una nafasi ya mtu kwa wiki mbili tatu. Nitabonyeza hicho kitufe. Ukinifungulia, nionyeshe kiti kilicho upande wako wa kulia, maana yale maneno nataka kuyasema tena, na safari hii uyasikie.

Mdogo wako